Baraza ya Nyumbani: Aketiye Upande wa Kushoto



Miongoni mwa barua tulizozipata mwezi uliopita imo moja ya mama wa hapa Mombasa, ambayo tumeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Asema kwamba mumewe yuko kazini Doha, na mambo ya nyumba yamo mikononi mwake yeye peke yake. Ana kijana wa miaka 17. Kijana huyo ana sahibu yake aliyemzidi kwa miaka 7, mtu wa heshima zake, asiyejulikana kwa ulevi wala kwa uzururaji, naye ana gari. Kila Ijumaa baada ya alasiri humpitia kijana wakaenda kwenye uwanja mmoja wa wazi, akampa usukani. Malipo hataki. Mama aogopa, lakini aona haya kumkataza mtu ambaye hajamtendea illa wema. Tena achelea kwamba akimkataza, mwanawe atakwenda kwa siri na mwengine asiyemjua kabisa. Mwisho wa barua auliza: nimzuie, au ninyamaze?

Sehemu moja ya jawabu ni fupi, nasi twaitoa mapema. Sheria ya Kenya haimruhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuendesha motokaa barabarani.  Akitimiza 18 hupata leseni ya muda, nayo ni ruhusa ya kujifunza tu: gari liwe na vibao vyenye herufi L nyekundu, mbele na nyuma, na kando yake aketi mtu mwenye leseni kamili ya gari la namna hiyo. Basi kijana wa miaka 17 asiingie barabarani na usukani mkononi, hata ikiwa ni ule mwendo mdogo wa kutoka uwanjani hadi dukani kununua maji. Na uwanja wenyewe, ikiwa ni ule ambao watoto huchezea mpira, si mahali patupu. Hapo hapana la kujadili, na mama asione haya kulisema wazi.

Lakini siku haziketi. Miezi michache ijayo kijana huyu atakuwa na miaka 18 na leseni yake ya muda mfukoni, na sahibu yake atakuwa yuko pale pale na gari lake. Hapo sheria itakuwa imenyamaza, na swali la mama litakuwa halijajibiwa. Kwa hiyo twataka kusema juu ya huyo aketiye kando ya mwanafunzi, kwani wazazi wengi humchungua fundi wa kuwapakia rangi ukuta kuliko wanavyomchungua yeye.

Magari yetu yana usukani upande wa kulia, kwa kuwa sisi twapita kushoto mwa njia. Mwenye kufundisha basi huketi kushoto. Gari la skuli ya udereva hutiwa kanyagio za pili upande huo, ili mwalimu aweze kushika breki mwanafunzi anapobabaika. Gari la rafiki halina kitu hicho. Aketiye kushoto ndani yake hana klachi, hana breki ya mguu, hana mafuta. Ana breki ya mkono, ikiwa imewekwa baina ya viti viwili, na ana ulimi wake. Usalama wa watu wawili waliomo ndani, na wa kila apitaye mbele yao, umetegemea ulimi huo na tabia iliyo nyuma yake. Kujua kwake kuendesha ni jambo moja. Kuweza kumfundisha mtu hali mikono yake mitupu ni jambo jingine kabisa.

Zamani njia ya kuingia udereva ilikuwa utaniboi. Kijana hupanda lori la mtu mzima, na kwa muda mrefu hashiki usukani hata siku moja. Huosha gari, hupakia, hujaza maji, hulala juu ya mizigo ili isiibiwe. Lori likisimama mlimani yeye ndiye arukaye chini na gogo lake kulitia nyuma ya gurudumu. Huketi kushoto njia nzima, baina ya Mombasa na Nairobi na kurudi, akitazama. Siku dereva anapomwambia ashike, huwa amekwisha kuiona njia ile kwa mvua na kwa vumbi, usiku na mchana, mara asizoweza kuzihesabu. Hatusemi kwamba utaratibu ule haukuwa na aibu zake. Wako waliotukanwa na kupigwa, wako waliofanyishwa kazi bila ya mshahara kwa jina la kufundishwa, na wako waliotoka humo wakijua kuendesha lori zito lakini hawajui kusoma alama moja ya barabarani. Lakini jambo moja lilikuwa sawa, nalo ni kwamba macho yalifundishwa kabla ya miguu. Siku hizi twaanza na miguu.

Mwandishi wa safu hii alijifunza mwaka 1971, akiwa na miaka 18, kwa sahibu aliyemzidi miaka tisa, na ambaye alikuwa akimwita Kaka kwa heshima ingawa hawakuwa na nasaba. Yeye alikuwa dereva wa mizigo ya mfanyi biashara mmoja, na kwa jasho lake alikuwa amejinunulia Peugeot 404 iliyokwisha kutumika, gari ambalo wengi wa rika letu walikumbuka, lenye mti wa gia uliotokeza kando ya usukani. Twalitaja hili kwa sababu namna alivyofundisha ndiyo mizani tunayoipimia wengine hata leo.

Siku ya kwanza hakuwasha gari. Alinizungusha nje, tukatazama matairi, tukafungua boneti, akanionyesha pa kutia maji na kijiti cha kupimia oili. Halafu akanambia nilale chini nitazame uvunguni, kwani huko ndiko paka na watoto wadogo huweza kuwa wakati wa kuondoka, na hapana kioo kiwaonyeshacho. Siku ya pili akanivua viatu. Alisema mguu wenye kiatu ni kiziwi. Klachi, alieleza, ni sahani mbili: moja yazunguka na injini, moja yashikamana na magurudumu, na kanyagio huziachanisha. Ukiuachia mguu kwa ghafla zinagongana na gari huruka kama mbuzi kisha likazima. Ukiuinua polepole hufika mahali ambapo mlio wa injini hushuka kidogo na gari zima likatetema, na hapo ndipo unapotakiwa kungoja. Nilipitisha jioni nzima nikipatafuta mahali hapo bila ya kukanyaga mafuta. Wenye magari ya otomatiki watatucheka, na ni kweli kwamba magari mengi yaletwayo sasa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika hayana klachi. Lakini gari la namna hiyo lina mtego wake: ukiinua mguu kwenye breki laondoka lenyewe bila ya kuguswa mafuta, na mwanafunzi aliyebabaika hukanyaga kanyagio asiyoikusudia. Mguu mmoja tu, wa kulia, ndio uwe na kazi; wa kushoto ulazwe. Tena aliyetahiniwa kwa otomatiki asidhani amepata ruhusa ya kila gari, kwani daraja la leseni yake ni mbali.

Tulipotoka barabarani alinichukua alfajiri kwenye ile njia ya pwani iliyokuwa ikiitwa Azania Drive, ambayo ni Mama Ngina. Wakati ule na saa ile hapakuwa na watu ila wavuvi na wazee wanaotembea. Hapo akaanza mchezo wake. Aliniamuru niseme kwa sauti kila nikionacho. "Nani yule?" Mtoto. "Ana nini?" Mpira. "Basi utakuwa wapi huo mpira baada ya sekunde mbili?" Nikawa nasema njia nzima kama mtu mwenye wazimu: mkokoteni mbele, hamali amechoka, huenda akayumba, basi limesimama, mtu atatokea mbele yake, mlango wa gari lile una mtu ndani. Nikinyamaza alijua kwamba sioni, na alinambia nisimame kando. Hakupandisha sauti hata mara moja. Asubuhi moja alikuja nyumbani akasema kwamba usiku hakulala kwa kazi, na kwamba mwalimu mwenye usingizi ni sawa na kiti kitupu. Akanywa chai akaenda zake.

Mtihani mkubwa wa mji huu wakati ule ulikuwa daraja la Nyali, lile la kuelea lililojengwa mwaka 1931, ambalo lilitumika mpaka daraja la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980. Daraja lile lilipanda na kushuka pamoja na maji ya bahari, na maji yakipwa ncha zake zilikuwa mteremko wa kuingilia na mlima wa kutokea. Kusimama katikati ya mlima ule, magari yakikufuata nyuma, kisha kuondoka bila ya kurudi hata shubiri moja, ndiko kulikomwonyesha mtu kwamba amejua klachi. Hakunipeleka huko mpaka nilipokuwa nimefanya kazi hiyo hiyo mara nyingi mahali pasipo na mtu nyuma. Wanafunzi wa leo wana mlima wao wa kutokea kwenye feri ya Likoni, na umati wa watu wa miguu mbele yao ni mkubwa kuliko ule wetu.

Si kila sahibu ni wa namna hii. Urafiki wenyewe una mambo mawili yanayomharibia mtu ualimu, hata awe mwema vipi. La kwanza ni haya. Mwanafunzi aona haya kusema, "Naogopa, nisimamishie hapa," mbele ya mtu anayetaka amwone kuwa ni mwanamume; na mwalimu naye aona haya kusema, "Leo hukufanya vizuri, hatuendi barabara kuu." Kila mmoja amstahi mwenziwe, na gari linakwenda. Kwa mgeni unayemlipa fedha hapana staha ya namna hiyo. La pili ni kuiga. Kijana hachukui gia peke yake kutoka kwa amtukuzaye. Achukua na mkono uninginiao dirishani, na honi kabla ya kutazama, na simu iliyowekwa mapajani, na maneno yanayomtoka matatu anapomkata mbele. Mambo hayo hayafundishwi kwa kusema. Twamjua mtu wa makamo, baba wa watoto, ambaye ukiketi nyuma yake hukata kona za mji huu vile vile alivyozikata aliyemfundisha, ilhali aliyemfundisha amekwisha kufa zamani.

Nayo mambo haya yana hesabu yake. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa, ambazo ndizo kikomo cha mjini, hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Jicho lione, akili ifahamu, mguu uhame kutoka kwenye mafuta: sekunde imekwisha, na mita 14 zimekwenda kabla breki haijaanza kushika. Kisha breki yenyewe hutaka mita nyingine kama hizo, ikiwa lami ni kavu na matairi ni mazima. Mwendo ukizidishwa mara mbili, mahitaji ya breki hayazidi mara mbili bali mara nne, hata ikawa kwa kilomita 100 breki peke yake hutaka zaidi ya mita 50. Mwanafunzi hawezi kulijua hili kwa kuhisi, maana ndani ya gari zuri kilomita 80 huonekana kama 50. Aketiye kushoto ndiye wa kulijua kwa niaba yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo sababu ya kwanza ya vifo vya walio baina ya miaka 5 na 29. Yaani ni rika la huyu kijana, na la sahibu yake, na la ndugu zake wadogo.

New Zealand, nchi ambayo nayo hupita kushoto, iliweka tangu mwaka 1987 utaratibu wa leseni ya hatua kwa hatua. Kijana aliyekwisha kufaulu haachiwi hapo hapo: kwa muda hazuiwi kuendesha mchana peke yake, lakini usiku mkubwa huzuiwa, na huzuiwa kupakia wenziwe ila akiwa na mwangalizi mzoefu. Walijua jambo ambalo kila mama analijua, kwamba kijana mmoja ndani ya gari ni mtu mwenye akili zake, na vijana wanne ndani ya gari hilo hilo ni kitu kingine. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, lakini nyumba yaweza kuwa na sheria zake. Wakati wa kujifunza, viti vya nyuma viwe vitupu. Asiwepo binamu, asiwepo wa kupiga picha.

Baada ya kusema haya yote, msitufahamu kwamba twamtaka kijana asijifunze kwa sahibu yake. Skuli ya udereva ina mambo yake: ina zile kanyagio mbili, ina sheria na alama, ina ile meza ya mji wa mfano ambayo mwanafunzi husukuma kigari kidogo juu yake na kueleza nani ana haki ya kupita. Huko ndiko aanzie, wala mzazi asilihesabu kuwa ni fedha iliyopotea. Lakini mafunzo ya skuli ni saa chache, na huwa mchana, na huwa njia zile zile. Haitampa mvua ya masika wakati maji yamefunika mashimo, haitampa magharibi wakati jua li machoni na watu wanakimbilia msikitini, haitampa msafara wa tuktuk na bodaboda. Hayo yataka mtu mwenye wakati na mwenye mapenzi, na ndiyo zawadi awezayo sahibu kutoa na skuli isiweze kuuza.

Ila kuna swali moja ambalo hatukuliona katika barua, nalo ni kubwa: gari hilo ni la nani? Vijana wengi wa miaka 24 huendesha magari ambayo si yao. Ni ya ami, au ya mwajiri, au ni ya mtu aliyemwachia alitumie akiwa safarini. Mwenye gari aliamini mikono ya mmoja. Hakuamini mikono ya mwanafunzi wake. Kumpa mwengine bila ya idhini ni kuivunja amana, na wema wa nia haulibadilishi hilo. Na likiwa ni lake mwenyewe, asome karatasi ya bima. Bima ya kuwalinda watu wengine ni wajibu kwa sheria, lakini mkataba huandikwa nani aruhusiwaye kuendesha na kwa masharti gani, na asiye na leseni huwa nje ya mkataba. Mtu akigongwa, gharama za hospitali hazingoji mabishano. Zaidi ya hayo, sisi tulio Waislamu twajua kwamba hata kuua kwa makosa kuna diya na kafara. Na nani atabeba kiasi gani, aliyeshika usukani au aliyemshikisha, ni mambo ya kuulizwa masheikh, wala si mambo ya kupendeza kuyauliza.

Neno moja la pembeni. Mama huyu ametaja kwa kupita kwamba ana binti wa miaka 19, dada wa kijana, asomaye chuo ng'ambo ya mji, na ambaye hurudi kwa matatu baada ya magharibi. Juu yake hakuuliza kitu. Sheria yetu haijapata kumzuia mwanamke. Hata Saudi Arabia, iliyokuwa imebaki ikizuia, iliruhusu mwezi wa Juni 2018. Yeye umri anao tayari, na haja anayo kuliko nduguye. Akipatikana mjomba au shangazi mwenye leseni na subira, au mwalimu mwanamke katika skuli, pengine yeye ndiye angetangulia.

Nawe kijana uketiye kushoto, ukiwa wasoma haya, hatukukusudia kukuvunja moyo. Twakuomba ujitazame siku moja unapoendesha peke yako, useme kwa sauti kila ukifanyacho, kama kwamba mwanafunzi wako yuko ndani. Ukifika mahali ukanyamaza kwa sababu hupendi kulitaja ulilolifanya, umelipata somo la wiki ijayo, nalo ni lako wewe.

Basi mama, usimzuie kwa ukali wala usinyamaze. Mwite huyo kijana nyumbani Ijumaa hii, umwekee chai na vitumbua, umshukuru kwanza, maana yastahili. Kisha mulize gari ni la nani, na bima yasema nini, na kama yuko radhi kuungoja umri wa mwanao utimie. Akikubali kungoja, Ijumaa zao zisikatike. Waende kama kawaida, lakini sahibu ndiye aendeshe na mwanao aketi kushoto, aseme njia nzima aonacho: mtoto, mpira, mkokoteni, mlango. Wakirudi abadilishe tairi moja mbele ya nyumba kwa jeki na spana, wewe ukitazama dirishani. Na leseni ya muda itakapotoka, mnunulie vile vibao viwili vya L, navyo vifungwe kwa waya, kwani uzi hukatika njiani na kibao kikaanguka bila ya mtu kujua.